Dereva Hasimami

Tulimzika kaka yangu Dédé mwezi uliopita, na katika maneno yote yaliyosemwa kanisani hakuna hata mtu mmoja aliyetaja gari. Mchungaji alimsifu kama shemasi, majirani wa South Beach wakamsifu kama mwenye duka la simu asiyeuza betri bandia, na wakwe zake wakasema alikuwa mtu aliyejua kusikiliza. Tuliporudi kwenye flati yake kula chakula cha matanga, watoto wake walianza kukumbuka jinsi alivyokuwa anaendesha, na kicheko kikawachanganyikia na machozi. Baba alikuwa anasimama kwenye robot, taa za barabarani, hata kabla hazijawa nyekundu. Baba alikuwa anapitwa na malori ya takataka. "Tantine, taxi zote za Durban zilikuwa zinamujua," alisema binti yake mkubwa. "Zilikuwa zinamupigia honi kama zinafukuza ngombe!" Nilicheka pamoja nao, kisha nikaingia jikoni, nikafungua maji ya bomba ili wasinisikie. Mimi nilimwona baba yao akiingia kwenye kona ya udongo kwa kasi ya kuogofya, gari limelala ubavu, vumbi limesimama nyuma yake kama ukuta, na watu elfu nzima wakimtakia aanguke. Alinikataza kulisimulia jambo hilo alipokuwa hai. Hakuwa akilionea aibu. Alisema ndani yake kuna mzee mmoja, na hadithi ya mzee huyo si mali yetu. Sasa wote wawili wamelala. Watoto wana haki ya kujua.

Sitaeleza tulivyofika Durban kutoka Kongo. Wengi wameeleza safari zao, na yangu haizidi zao. Inatosha kusema miaka ya tisini ilikuwa inaelekea kwisha, mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, Dédé alikuwa amenitangulia miaka sita, na kati ya watu wote tuliowahi kuwa nao tulikuwa tumebaki mimi na yeye. Tuliishi Point, kwenye jengo kuukuu karibu na bandari, ndani ya chumba kilichogawanywa kwa mapazia. Upande mmoja tulikuwa sisi, na upande wa pili familia ya Warundi walioomba Mungu kwa sauti ya chini kila asubuhi, hata nikazijua dhambi zao zote. Hewa ya chumvi ilikula kila kitu cha chuma: kitasa, kitanda, sufuria. Dédé alikuwa anasema kwamba mji huu ni mzuri kwa kazi yake, kwa sababu hakuna gari lisilooza. Alifanya kazi Greyville, kwenye gereji ya kunyoosha bodi za magari ya Mhindi mmoja aliyeitwa Reggie, mtu mwembamba, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kukasirika. Nyuma ya gereji hiyo, chini ya turubai, kulikuwa na gari kubwa la zamani la Kimarekani, halina vioo, milango imechomelewa isifunguke, na ndani limejengewa mabomba ya chuma ya kumlinda dereva. Hilo lilikuwa gari la mbio. Wenyewe waliita stock car: gari la kawaida la barabarani lililokazwa na kuongezewa nguvu, likashindana Jumapili kwenye uwanja wa udongo wa mviringo nje ya mji, katikati ya mashamba ya miwa.

Mwanzoni mwa mwaka huo dereva wa Reggie alihamia Johannesburg. Reggie alijaribu vijana kadhaa, na wote walikwaruza ukuta. Siku moja alimwambia Dédé alisogeze gari lile uani ili wafagie chini yake. Mvua ilikuwa imenyesha, ua ulikuwa tope tupu, na Dédé, ambaye kule kwetu alikuwa ameendesha malori kwenye njia za milimani ambako tope hufika magotini, aliligeuza gari lile zito kwa mkono mmoja, likateleza nusu duara na kusimama pale pale pa kusimama. Kwenye kiti kilichong'olewa ndani ya gari bovu, karibu na mlango wa ofisi, alikuwa amekaa mzee mmoja Mzungu aliyeshinda hapo kila siku. Alisimama. Reggie aliniambia baadaye kwamba kwa miaka yote aliyomfahamu hakuwahi kumwona Mzee Harlan akisimama kwa sababu ya dereva yeyote.

Mzee Harlan alikuwa Mmarekani. Alifika Durban akiwa fundi wa injini za meli, akaoa, akafiwa na mke, akabaki. Umri wake ulikuwa umepita sabini, na kabla ya bahari alikuwa dereva wa mbio katika siku za mwanzo kabisa za mbio hizo kwao. Kupitia kwa Dédé nilipata kazi ya kumpikia na kumfagilia flati yake ya juu sana, South Beach, ambayo lifti yake ilikuwa inafanya kazi ikipenda. Kuta zilijaa picha nyeusi na nyeupe: magari ya mviringo yenye namba zilizopakwa kwa brashi, wanaume wembamba waliovaa suruali za shamba, nyuso zimefunikwa na vumbi isipokuwa mahali palipokuwa na miwani. Kiingereza changu nilikipata pale, nikisikiliza. Jioni Dédé alikuja moja kwa moja kutoka kazini, nami nikawapakulia wote wawili. Mzee alipenda bugali na maharage. Alisema mama yake alikuwa anapika unga wa mahindi karibu vilevile. Sombe, majani ya muhogo, aliikataa miezi mitatu, na mwezi wa nne akaomba kuongezewa. Akisha kula alifuta meza kwa kiganja, akapanga vijiko na kikopo cha chumvi, akaanza.

Alisimulia kwamba madereva wa kwanza walijifunza kazi hiyo wakikimbia polisi. Kulikuwa na watu milimani waliopika pombe ya magendo, na vijana wao waliisafirisha kwa magari ambayo nje yalionekana ya kawaida lakini ndani injini zilikuwa za moto. Jumapili wakakutana kwenye shamba la mtu kubishana nani ana gari lenye mbio, na ubishi huo ukawa mchezo. Hapakuwa na mavazi maalumu. Mtu alifunga mlango kwa mkanda wa suruali yake ili usifunguke konani, akajifunga kitambaa mdomoni kwa ajili ya vumbi, akaenda. Mbio nyingine zilikuwa ufukweni: nusu ya njia ni barabara, nusu ni mchanga, na maji yakianza kujaa, kila mzunguko njia inakuwa nyembamba zaidi. Kulikuwa na mama mmoja aliyeshindana na wanaume huku watoto wake wakimtazama juu ya lori. Jumatatu wote walirudi kuvuna tumbaku au kutengeneza matrekta. Alipokuwa anasimulia hayo, macho yake ya buluu yalikuwa mbali, na mikono yake ikivisogeza vijiko kwa upole kama mtu anayelaza watoto.

Lakini kila somo lilikwisha kwa sentensi moja. Gari likigongwa mbele yako, usitazame. Moshi ukitanda, ingia katikati yake, maana gari lililopata ajali halitakuwa tena pale ulipoliona. Chochote kitokee, mpaka bendera ishushwe, dereva hasimami.

Jioni moja Dédé alimwuliza kwa nini. Nilikuwa naosha sahani, mgongo umewaelekea, na ninakumbuka jinsi mzee alivyovuta pumzi kabla ya kujibu. Alikuwa na rafiki, Emmett, wamekua pamoja, gari lao la kwanza wamelijenga pamoja kwenye zizi la baba yake Emmett. Siku moja, kwenye uwanja wa udongo mwekundu, gari la Emmett lilibingirika mbele yake kwenye kona ya mbali, likashika moto. Harlan alipita. Wote walipita. Siku hizo mbio hazikusimamishwa upesi. Alizunguka, akapita tena, na tena, na kila mara moto ulikuwa umebadilika. "Nilishinda siku ile," alisema. "Kikombe ndicho kile pale. Moto wa petroli haukaribiki. Mtu anayesema angeweza kufanya kitu hajawahi kuuona. Ningesimama, tungekufa wawili."

Nikageuka bila kufikiri. "Alikuwa anapiga kelele, Mzee?"

Dédé alinitazama kwa jicho kali. Mzee Harlan alirudisha kikopo cha chumvi mahali pake. "Dereva hasimami," alisema, na jioni hiyo mazungumzo yakaishia hapo.

Njiani kurudi Point, nilimshika Dédé mkono katikati ya watu, nikamwita kama kwetu anavyoitwa kaka mkubwa. "Yaya, ule muzee anakufundisha kufa. Ama anakufundisha kuacha benzako bafe. Yote ni mubaya."

"Ananifundisha kuendesha."

"Uwache. Tuko na kazi, tuko na kwa kulala. Unatafuta nini tena?"

Aliushika mkono wangu, tukavuka barabara. Kisha akasema kitu ambacho sijakisahau. "Kila ofisi minaenda ya makaratasi, minasimama mu laini na kichwa chini. Mutu anaweza kuniambia rudi kwenu, na minajibu yes sir. Lakini mule mu gari, Nabintu, hakuna anayeniuliza papiers. Banataka tu kunipita. Na habaweze."

Si kweli kwamba hawakuweza, angalau mwanzoni. Katika mbio zake za kwanza bingwa wa uwanja ule, Kobus, mtu mkubwa, mkimya, mwenye biashara ya kuvuta magari yaliyoharibika, alimsukuma ukutani kabla hajamaliza mizunguko miwili. Jukwaani watu walipiga makofi. "Kwerekwere!" walipaza sauti, jina ambalo sisi wageni tulikuwa tumekwisha kulizoea mitaani, lakini sikuwahi kulisikia likitoka kwenye vinywa vingi hivyo kwa pamoja. Nilikaa kati ya Reggie na Mzee Harlan. Mzee hakugeuza hata kichwa. "Amesukumwa kwa sababu aliacha nafasi," alisema. "Wiki ijayo hataiacha."

Na kweli hakuiacha. Mwezi baada ya mwezi nilimwona kaka yangu akibadilika. Alikula akiwa anafikiri. Usiku alisogeza miguu ndani ya usingizi, akikanyaga breki zisizokuwepo. Alianza kumaliza wa tano, wa tatu, wa pili. Mimi nilijifunza kuhesabu maisha yangu kwa Jumapili: Jumatatu nilipumua, Alhamisi nilianza kusali, Jumamosi sikumeza kitu. Kisha Jumapili moja ya baridi alimpita Kobus kwa ndani, kwenye kona ambayo watu walisema haipitiki kwa ndani, akashinda. Jukwaa lilinyamaza kabisa. Reggie alilia. Mzee Harlan aliniambia, bila kunitazama, "Hiyo kona nilimwonyesha kwa kijiko."

Siku chache kabla ya mbio za mwisho za mwaka, Kobus alikuja Greyville. Nilikuwa nimemletea Dédé chakula, kwa hiyo niliona kwa macho yangu. Alisimama mlangoni mwa gereji, kofia mkononi, sauti ya chini kama ya mtu aliyekuja kuuliza bei. Hakumwangalia Dédé. Alimwambia Reggie, "Mwambie mtu wako. Jumapili sitamsukuma ukutani. Nitampanda juu."

Reggie alijibu kwa matusi. Dédé aliendelea kupiga bodi kwa nyundo, taratibu, kipigo baada ya kipigo. Mimi nilimfuata Mzee Harlan mpaka kwenye kiti chake, nikapiga magoti mbele yake kama tunavyofanya kwetu tukimwomba mkubwa. "Mzee, mwambie asiende. Atakusikia wewe."

"Anaweza kumshinda," alisema.

"Sikuulizi kama anaweza kumshinda!"

Alinishika mabega, akaniinua. Nadhani hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa mtu mbaya, na pia kwamba hatanisaidia. "Binti," alisema, "mimi sina neno lingine la kumwambia."

Jumapili ile upepo ulikuwa unatoka baharini na vumbi lote lilikuwa linakwenda kona ya mbali. Nakumbuka harufu ya nyama inayochomwa, watoto waliobebwa mabegani, spika iliyokoroma. Dédé alianza vibaya, akapanda polepole, na mbio zilipofika mwisho mwisho alikuwa mbele, Kobus nyuma yake amemgandia hata nikadhani magari yameungana. Mzee Harlan alikuwa ameshika chuma cha uzio kwa mikono miwili. Kwenye njia nyoofu ya mbali nilimwona Kobus akichomoka, pua ya gari lake ikigusa ubavu wa nyuma wa kaka yangu, mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu gurudumu lake lilipanda juu ya gurudumu la Dédé. Nilifunga macho. Nilipofungua, gari lililokuwa hewani halikuwa la Dédé. Lilikuwa la Kobus. Likageuka, likapiga udongo kwa paa, likabingirika mpaka ukutani na kukaa kichwa chini. Kwanza niliona moshi mweupe. Kisha nikaona rangi ya machungwa chini ya moshi.

Dédé alipita. Lazima niliandike hili, kwa sababu ni kweli: alinyoosha gari lake lililoyumba, akaendelea, akapita mbele yetu akiwa wa kwanza, na mimi nikamshukuru Mungu. Mwenye bendera alikuwa anahangaika, hajui ainue ipi. Vumbi lilikuwa limefunika kila kitu. Wazima moto walikuwa upande wetu, mbali, wanatafuta njia ya kuvuka katikati ya magari. "Endelea!" Mzee Harlan alipiga kelele, na sauti yake ilikuwa ya kijana. "Endelea! Usitazame!" Moto ulikuwa umeshika nusu ya gari. Dédé aliingia kwenye vumbi lile la kona ya mbali, na upande wa pili hakutoka.

Sijui ulipita muda gani. Upepo ulipolipasua vumbi, tuliona gari letu limesimama mshazari, limelikinga lile linaloungua ili wanaokuja nyuma wasiligonge, na mtu mwembamba anatoka dirishani kwa kichwa. Alikimbilia moto. Aliingiza mikono yote miwili, akarudi nyuma, akainama kama anayetapika, akaingiza tena. Jukwaa zima lilikuwa limesimama. Nilimwona akikanyaga mlango kwa mguu na kuvuta. Kobus alikuwa na uzito wa watu wawili. Alitoka mabega, akakwama, kisha akatoka mzima mzima, na wote wawili wakaanguka kwenye udongo, na Dédé akaendelea kumburuta akiwa amekaa, akirudi nyuma kwa makalio, mpaka wazima moto wakawafikia. Hapo ndipo gari lilipolipuka. Joto lake lilitufikia kwenye uzio.

Kikombe kilichukuliwa na mtu ambaye jina lake sikulishika. Kobus alivunjika mguu na bega, akaishi. Baadaye mke wake alipanda ngazi za jengo letu Point na bakuli la nyama iliyopikwa, akasimama mbele ya pazia letu, akajaribu kusema, akashindwa, akaliweka bakuli sakafuni na kunikumbatia. Mama wa Kirundi alimletea kiti. Tulikaa wanawake watatu bila lugha moja, tukalia.

Mzee Harlan aliondoka uwanjani bila kumsubiri mtu. Kwa wiki tatu hakwenda gereji na hakumwuliza Dédé hali. Mimi nilikwenda kazini kama kawaida, nikapika, nikakuta chakula hakijaguswa, nikamwaga. Alikaa dirishani akitazama meli. Hasira yangu ilikuwa kubwa. Nilijiambia mzee huyu ana kinyongo kwa sababu ya kikombe, na nikaanza kuuliza Wakongomani wa saluni kama wana nafasi ya msusi. Kisha mchana mmoja, bila kugeuka, alisema, "Mwite kaka yako. Nina swali moja."

Dédé alikuja siku iliyofuata, wakati wa chakula. Nilikuwa nimepakua maharage na bugali. Walikaa pale pale walipokaa mwaka mzima, mzee upande wa dirisha, kaka yangu upande wa mlango. Hakuna aliyegusa kitu. Mzee Harlan alikuwa amekonda, na ndevu zilikuwa zimemwota.

"Ule moto," alisema. "Ulikuwa mkubwa?"

Nilisimama na kitambaa cha vyombo mkononi. Nilielewa ghafla kwamba kikombe hakikuwa kimemsumbua hata kidogo. Kwa karibu miaka hamsini alikuwa ameishi juu ya sentensi moja, kwamba haiwezekani, na mbele ya macho yake mtu ambaye yeye mwenyewe alimfundisha alikuwa ameonyesha kwamba inawezekana. Dédé alielewa kabla yangu. Alikuwa ameweka mikono mezani, yote miwili imefungwa bandeji mpaka kwenye viwiko, na daktari alikuwa amesema vidole viwili huenda visirudi kukunjika.

"Hapana, Mzee," alisema kwa Kiingereza chake cha polepole. "Ulikuwa moto mdogo. Ulikuwa ndiyo kwanza unaanza. Ungekuwa mkubwa kama ule wako, nisingeweza kuusogelea. Hakuna mtu angeweza."

Mzee Harlan alizitazama bandeji. Alizitazama muda mrefu, ya kulia, kisha ya kushoto, mpaka pale nguo nyeupe ilipokuwa imeloa rangi ya njano. "Mdogo," alisema.

"Mdogo kabisa."

Alitikisa kichwa kukubali, kama mtu anayepokea kitu kwa mikono miwili. Kisha aliivuta sahani ya Dédé upande wake, akamega tonge la bugali, akalichovya kwenye maharage, akalipuliza lipoe, na akanyoosha mkono wake wa kizee juu ya meza mpaka mdomoni mwa kaka yangu. Dédé akala. Mzee akamega tena.